Mshipa Haujapanda Juu ya Mwenzake

Wiki hii nimeusikia msemo huu mara nne, na mara ya nne nilikuwa sijanywa hata chai. Mama mmoja anayepara samaki aina ya mbuta kule Dunga, Kisumu, aliketi mbele yangu, akaninyoshea mkono wa kulia. "Daktari, mshipa umepanda juu ya mwenzake. Nimekandwa wiki tatu, haushuki."

Mshipa upi, mama? Neno hili tumelibebesha mizigo ya punda watano. Ateri inayotoa damu moyoni ni mshipa, vena inayoirudisha ni mshipa. Neva, mshipa wa fahamu. Kano inayoshika msuli kwenye mfupa, mshipa. Ligamenti inayofunga mfupa kwa mfupa, mshipa vilevile. Kwa wazee wengine hata ngiri ni mshipa! Ateri hudunda ukiigusa. Kano hukaza kama kamba ya mbuzi aliyefungwa. Neva haidundi wala haivuti kitu, kazi yake ni kupeleka habari. Ukinijia na "mshipa" hujaniambia lolote.

Halafu hilo "juu". Kwetu madaktari juu ni upande wa kichwa, hata mgonjwa akiwa amelala. Kilicho karibu na ngozi kiko nje, kilicho karibu na mfupa kiko ndani. Kulia ni kulia kwa mgonjwa, si kwako. Tuendelee.

Kwa sababu kinachoniudhi hasa ni hiki: kano kukatiza kano nyingine si ugonjwa. Ndivyo ulivyozaliwa. Nyuma ya kigasha, karibu na kifundo cha mkono, kano mbili za kidole gumba hupita kimshazari na kuzivuka kano mbili zinazoinua kifundo. Kwenye vidole ni ajabu zaidi. Kano iliyo karibu na ngozi ya upande wa kiganja hugawanyika kama panda ya manati, na ile ya ndani hupenya katikati yake ikaenda kushika mfupa wa ncha ya kidole. Mkandaji angefaulu kweli "kuzitenganisha", usingeshika hata kijiko.

Jaribu mwenyewe. Gusanisha gumba na kidole cha mwisho, kisha kunja kifundo kidogo. Kamba inayoinuka katikati ni kano. Isipoinuka usikimbilie kukandwa, watu wengine hawana. Mimi mkono wa kushoto sina, na ndoo za maji nabeba.

Nikamuuliza mama ni vidole gani. Gumba, cha shahada, cha kati, na cha pete upande mmoja tu. Usiku huamka akikung'uta mkono kama anayefukuza nyuki. Kidole cha mwisho hakina neno. Hapo nilishajua. Upande wa kiganja, kwenye kifundo, kuna njia nyembamba: mifupa midogo kwa ndani, ligamenti ngumu kama mkanda juu yake (nimesema "juu", naona nami nimeambukizwa). Humo hupita kano 9 na neva moja. Kukivimba, neva ndiyo inayolia, maana ndiyo laini kuliko wenzake. Na hapo ndipo mtu alipokuwa akikandamiza kwa gumba na mafuta wiki tatu nzima.

Nilimwambia akunje vifundo, migongo ya mikono igusane. Dakika haikwisha, ganzi ikaja. Lakini nisiwadanganye, kipimo hiki hukosea. Wapo wenye neva iliyobanwa wasiohisi kitu, na wazima wanaohisi. Vitabu navyo huchora mpaka wa ganzi katikati ya kidole cha pete kana kwamba ulipigwa rula, ilhali nina wagonjwa wenye tatizo hilohilo wanaoapa kwamba mkono mzima umekufa. Wala siwezi kukana kwamba wengine hukandwa shingo au mgongo wakaondoka wakitabasamu. Msuli uliokaza hulegea, sawa. Hakuna kilichoshushwa.

Nikampa kibao cha kufunga usiku ili kifundo kisikunjike akiwa usingizini, nikamwonyesha namna ya kushika kisu bila kukunja mkono, nikaeleza neva, kano na ligamenti kwa mchoro nyuma ya kadi yake. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Kwa hivyo daktari, huo mshipa utashuka?"

Nikamwambia tuonane baada ya wiki sita.