Kujenga zamu si kuzuia kila mpira

Jumamosi, kwenye kriketi ya watoto, nimelisikia tena neno "jenga". Mtoto wa miaka kama kumi na mitatu ameletewa mpira mfupi, wa polepole, umedunda na kumpandia usawa wa kiuno, nje kabisa ya wiketi, vile vijiti vitatu nyuma ya mpigaji. Mpira wa kupelekwa mpakani. Akauwekea gongo, ukafia miguuni pake. Baba yake pembeni akapiga makofi: "Safi! Jenga, jenga!"

Hapana. Katika kriketi, kujenga zamu ni mpigaji, akiwa kwenye zamu yake ya kupiga, kupanga mikimbio yake, yaani alama zake, kwa kuangalia uwanja, mrushaji na ova zilizobaki (ova moja ni mipira sita), huku akiilinda wiketi yake asitolewe. Basi. Hakuna mahali paliposemwa apige polepole.

Nadhani kosa linaanzia kwenye neno tunalolitaja pamoja nalo: subira. Siku hizi tunalitumia kama kungoja tu. "Subiri kidogo" na "ngoja kidogo" tunaziona ni kitu kimoja. Lakini subira tumeitoa kwenye Kiarabu, sabr, na mzizi wake una maana ya kufunga, kuzuia. Anayengoja, mikono yake haina kazi. Mwenye subira anaizuia mikono inayotaka kwenda, na anajua kwa nini anaizuia. Mpigaji anahitaji subira hiyo ya pili.

Januari 2004, Sachin Tendulkar, mpigaji wa India, aliingia kupiga Sydney katika mfululizo uliokuwa umemwendea vibaya. Akaamua kuliacha pigo lake maarufu, lile la kuusukuma mpira mbele kwenda upande wa kulia. Warushaji wa Australia wakamtegea mipira ya huko, naye akaiacha ipite. Wakichoka na kumletea miguuni, anaadhibu. Alikaa ndani zaidi ya saa kumi, akapata mikimbio 241 kwa mipira 436, na hakutolewa. Alijinyima pigo moja tu. Mengine yote yalikuwa kazini.

Sasa mtazame Sunil Gavaskar, naye ni gwiji, pale Lord's, uwanja wa London, tarehe 7 Juni 1975. Uingereza walikuwa wamepata 334 katika ova 60. Gavaskar akafungua zamu ya India, akakaa mpaka ova ya mwisho, hakutolewa: mikimbio 36 kwa mipira 174. India walimaliza na 132, wapigaji watatu tu wakiwa wametolewa, wakashindwa kwa mikimbio 202. Wiketi ilikuwa salama, ila siku hiyo hakuna kilichojengwa. Na kinyume chake, Steve Tikolo wetu wa Kenya, mjini Kandy mwaka 1996: Sri Lanka wamejaza 398, yeye akapata 96 kwa mwendo wa karibu mkimbio mmoja kila mpira. Hiyo ilikuwa zamu iliyojengwa, tena kwa kasi.

Ukitaka kuona akili inavyofanya kazi, usimtazame mpigaji wakati mpira unakuja. Mtazame baada yake. Anasogea hatua mbili pembeni, anagonga udongo kwa ncha ya gongo, anawapitia wadakaji mmoja mmoja kwa macho: nani amesogezwa, pengo limebaki wapi. Hapo ameilegeza akili kwa makusudi, maana hakuna binadamu awezaye kuikaza saa kumi mfululizo. Mrushaji akianza kukimbia, anaikaza upya kwa mpira huo mmoja. Uliopita umekwisha, hata kama nusura umtoe.

Yule mtoto Jumamosi hakuangalia wadakaji hata mara moja. Alikuwa akimwangalia baba yake.

Kwa hiyo, ndugu yangu, najua unampenda na unamtakia mema. Jaribu kumwambia "chagua" badala ya "jenga". Na ule mpira mfupi wa nje ya wiketi, akiletewa tena, mwache aupige.