Wimbo Ulionunua Ndani ya Gemu Unayocheza: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Tangu gemu za video zilipoanza kumruhusu mchezaji asikilize nyimbo zake badala ya zile zilizowekwa na watengenezaji, zimezagaa imani nyingi kuhusu kinachowezekana na kisichowezekana, na baadhi yake zimewafanya watu wapoteze fedha au waikose raha waliyokwisha kuilipia. Hapa nazungumzia nyimbo za kidijitali, yaani zile ambazo mtu amezilipia katika duka la mtandaoni akapakua faili, kwa kuwa hizo ndizo zenye utata kuliko CD.

Dhana iliyowaumiza wengi zaidi ni ile isemayo kwamba wimbo ukishaulipia utapigika katika kifaa chochote na katika gemu yoyote. Duka la iTunes la kampuni ya Apple lilipofunguliwa mwezi Aprili 2003 na kuuza wimbo mmoja kwa senti 99 za Marekani, mteja alipewa faili la AAC, aina ya faili la sauti iliyobanwa, lililofungwa kwa kufuli la kidijitali liitwalo FairPlay, na jina la faili hilo liliishia na herufi m4p. Kufuli hilo lilifunguka ndani ya programu na vifaa vilivyoidhinishwa na Apple tu. Mwezi Novemba 2005 ikaja Xbox 360 ya Microsoft, konsoli (mashine ya kuchezea gemu) iliyomwezesha mchezaji kupiga muziki wake nyuma ya gemu yoyote, ama kutoka kwenye diski ya konsoli, ama kwenye kompyuta ya nyumbani, ama kwenye iPod, kicheza muziki cha Apple, iliyochomekwa kwa waya. Watu walizichomeka iPod zao kwa furaha, wakakuta nyimbo walizonakili kutoka kwenye CD zinapiga vizuri, ilhali zile walizonunua kwa Apple zimekataa kabisa. Mteja aliyelipa ndiye aliyenyimwa, na aliyepata wimbo uleule bila kulipa hakusumbuliwa na chochote. Naona ilikuwa dhuluma kwa mnunuzi mwaminifu, na sikubaliani na wanaoieleza kuwa hitilafu ya kiufundi tu.

Njia halali iliyobaki ilikuwa ndefu lakini ilifanya kazi. Programu ya iTunes iliruhusu kuchoma nyimbo hizo kwenye CD tupu, kisha CD hiyo ikaingizwa kwenye Xbox 360 na kunakiliwa upya kwenye diski yake, ambako nyimbo zilihifadhiwa bila kufuli. Gharama yake ilikuwa ubora, kwa sababu sauti iliyokwisha kubanwa mara moja ilipobanwa tena ilipoteza kiasi kingine, na kwa spika nzuri tofauti hiyo ilisikika hasa kwenye matoazi na kwenye sauti nyembamba za waimbaji.

Kutokana na miaka hiyo imezaliwa dhana ya upande wa pili, kwamba nyimbo za iTunes hazipigiki nje ya vifaa vya Apple hata leo. Hili limekwisha kupitwa na wakati. Mwaka 2007 kampuni ya muziki ya EMI ilikubali nyimbo zake ziuzwe bila kufuli, mwezi Septemba mwaka huohuo Amazon ikafungua duka la MP3 zisizo na kufuli, na mwezi Januari 2009 Apple ikatangaza kwamba nyimbo zote za duka lake zitauzwa hivyo. Wimbo unaonunuliwa huko sasa ni faili la m4a la kilobiti 256 kwa sekunde (kipimo cha wingi wa data ya sauti), nalo hupigika kwenye kompyuta na konsoli nyingi. Duka la Bandcamp nalo humpa mnunuzi MP3 au FLAC, yaani faili lisilopoteza ubora wowote, achague mwenyewe. Mtu mwenye maktaba ya zamani atazame herufi za mwisho za majina ya mafaili yake: yaliyoandikwa m4p bado yamefungwa, na yaliyoandikwa m4a au mp3 kwa kawaida yako huru.

Inafaa kutofautisha pia kununua na kujiunga. Wengi wanaamini kwamba wimbo waliouhifadhi kwenye simu kupitia huduma za malipo ya mwezi kama Spotify, Apple Music au Boomplay ili wausikilize bila intaneti ni wimbo wao. Kinachohifadhiwa ni faili lililofichwa kwa namna ambayo programu hiyo pekee ndiyo inayoweza kulisoma, na malipo ya mwezi yakikoma halisomeki tena. Faili kama hilo haliwezi kuhamishiwa kwenye folda ya gemu. Linaweza tu kupigwa na programu yake pembeni wakati gemu inaendelea, na kwa wachezaji wengi hilo linatosha. Asiyeridhika nalo itambidi anunue wimbo wenyewe.

Wapo wanaosadiki kwamba kuweka nyimbo zako ndani ya gemu ni kazi ya wataalamu wa kuchezea mafaili ya ndani, na kwamba ukijaribu utaiharibu gemu au utafungiwa akaunti. Ukweli ni kwamba watengenezaji wengi waliacha mlango huo wazi kwa makusudi. Xbox ya kwanza, iliyotoka mwaka 2001, ilikuwa na diski ndani yake na iliweza kunakili CD, ndiyo maana toleo la Xbox la Grand Theft Auto: San Andreas liliweza kupiga nyimbo za mchezaji huku la PlayStation 2 likiwa halina uwezo huo. Kwa upande wa kompyuta, San Andreas ya mwaka 2005 ilisoma nyimbo kutoka kwenye folda ya «User Tracks», na Grand Theft Auto V, iliyofika kwenye kompyuta mwezi Aprili 2015, ina folda ya «User Music» ndani ya Documents, chini ya Rockstar Games na GTA V. Unaweka nyimbo humo, unaingia kwenye mipangilio ya sauti ndani ya gemu, unaiamuru itafute muziki, kisha ukipanda gari na kubadilisha stesheni utaikuta Self Radio ikipiga nyimbo zako. Unaweza kuchagua zipigwe kwa mfuatano, kwa kuchanganywa, au kwa mtindo wa redio, na kwa mtindo huo wa mwisho utawasikia watangazaji na matangazo ya kubuni yakiingia katikati ya nyimbo zako kana kwamba stesheni hiyo imekuwepo mjini humo siku zote. Kwangu mimi hiyo ndiyo namna bora kuliko zote, kwa kuwa wimbo unaacha kuwa kitu cha pembeni na kuwa sehemu ya mahali unapochezea.

Euro Truck Simulator 2 ya mwaka 2012 ina utaratibu unaofanana na huo: folda ya «music» iliyo kwenye Documents hupokea MP3 na OGG (aina nyingine ya faili la sauti), na redio ya lori husoma pia orodha ya stesheni za intaneti, ambayo mchezaji anaweza kuiongezea anwani ya stesheni yoyote inayorusha matangazo yake mtandaoni. Dereva wa lori la kubuni anayevuka Ujerumani usiku anaweza kuwa anasikiliza taarabu aliyoinunua.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba konsoli zote ziko sawa. Kwenye Xbox 360 uwezo huu ulikuwa wa mfumo mzima. Kwenye PlayStation 3 uliongezwa mwezi Julai 2008, lakini ulifanya kazi katika gemu ambazo watengenezaji wake waliukubali tu, na wengi waliosema konsoli yao ni mbovu walikuwa wanacheza gemu isiyokuwa na ruhusa hiyo. PlayStation 4 ilipata kicheza muziki cha flashi mwezi Oktoba 2014, na sharti lake ni dogo ila limewasumbua watu wengi: nyimbo ziwe ndani ya folda iitwayo «Music» kwenye flashi hiyo, vinginevyo hazionekani. Nintendo Switch haina kicheza cha namna hiyo, kwa hiyo anayeitumia huzima muziki wa gemu na kupiga wake kwenye simu au spika nyingine.

Katika suala la aina za mafaili kuna kosa ambalo huonekana mara kwa mara, nalo ni kuamini kwamba ukibadilisha jina la faili umebadilisha faili lenyewe. Mtu anachukua «wimbo.m4a», anafuta herufi tatu za mwisho na kuandika «mp3», kisha anashangaa gemu inapouruka wimbo huo au kukaa kimya. Jina limebadilika lakini data iliyo ndani bado ni AAC, na programu inayosoma MP3 peke yake haitaielewa. Kinachotakiwa ni kulibadilisha faili kwa programu ya kazi hiyo, na zipo za bure kama Audacity na VLC. Aina inayofaa hutegemea gemu: Minecraft ya Java, kwa mfano, hutaka nyimbo ziwe za OGG ndani ya kifurushi cha rasilimali (faili la kubadilishia sauti na picha za gemu), na kuipa MP3 ni kujisumbua. Anayebadilisha faili la kilobiti 128 kuwa la 320 kwa matumaini ya kuongeza ubora naye hupata faili kubwa zaidi lenye sauti ileile, kwa kuwa kilichokwisha kutupwa wakati wa kubana hakirudi. Mwenye FLAC ndiye mwenye nafasi nzuri, kwani anaweza kutengeneza aina yoyote kutoka humo na kuibakiza nakala yake kamili.

Kuhusu madai kwamba muziki wako utaifanya gemu iwe nzito, jibu ni fupi. Wimbo wa dakika 4 kwa kilobiti 256 ni takribani megabaiti 7.7, na kuupiga ni kazi ndogo mno kwa prosesa yoyote inayomudu gemu ya kisasa.

Jambo linalostahili kutazamwa kwa uangalifu zaidi ni imani kwamba muziki wa nje lazima ugongane na sauti za gemu. Gemu nyingi hutenganisha muziki, mazungumzo na sauti za matukio katika mipangilio, hivyo ukishusha muziki hadi sifuri utaendelea kusikia injini, hatua za adui na maneno ya wahusika. Kwenye Windows, tangu toleo la Vista, kila programu ina kiwango chake cha sauti, na unaweza kuuweka muziki chini kidogo ya gemu. Kwenye simu hali ni tofauti kidogo, kwa sababu baadhi ya gemu za Android hudai sauti yote ziwe nayo peke yake, na muziki wako husimama mara gemu inapofunguka.

Lakini anayesema kwamba wimbo wowote unaweza kuchukua nafasi ya muziki wowote wa gemu bila hasara naye amekosea. Zipo gemu ambazo muziki wake hubadilika kufuatana na yanayotendeka: unapanda adui anapokuona, unanyamaza unapofanikiwa kujificha, na mchezaji huutumia kama taarifa. Ukiuzima huo umejiziba sikio moja. Nyimbo zako zinafaa zaidi katika mbio za magari, michezo ya mpira, uendeshaji wa malori na ujenzi, ambako muziki ni msindikizaji. Zipo pia gemu zilizougeuza wimbo wa mchezaji kuwa uwanja wenyewe. Vib-Ribbon ya mwaka 1999 kwenye PlayStation ilisoma CD yako na kuchora vikwazo kutokana na midundo yake, na Audiosurf ya mwaka 2008 ilifanya hivyo kwa mafaili ya kidijitali, ikateremsha na kuinua barabara kwa kadiri wimbo unavyopanda na kutulia.

Dhana nyingine ina athari za kisheria: kwamba kwa kuwa umenunua wimbo, unaweza kurusha mubashara gemu yako huku wimbo huo ukisikika. Ulichonunua ni ruhusa ya kuusikiliza wewe mwenyewe. Kuuambatanisha na video au kuurusha kwa umma ni haki nyingine inayobaki kwa mwenye wimbo. Mwaka 2020 warushaji wengi wa Twitch, mtandao wa kurushia gemu mubashara, walipokea onyo chini ya sheria ya hakimiliki ya Marekani kwa vipande vya video vya miaka ya nyuma vilivyokuwa na nyimbo, na YouTube hutumia mfumo wa Content ID kuzitambua nyimbo zenyewe bila kuuliza kama aliyepakia alizilipia. Ndiyo sababu gemu ya Cyberpunk 2077 ilitoka na kitufe cha kuzima nyimbo zenye hakimiliki kwa ajili ya warushaji. Kwa Tanzania na Kenya jambo hili linafika hadi kwenye vibanda vya gemu, kwani kupiga muziki mbele ya wateja ni maonyesho ya umma kisheria, na risiti ya kununulia wimbo si leseni ya biashara hiyo. Nyumbani kwako, ukiwa na spika zako na wageni wako, huna la kuogopa.

Mwisho kuna wanaodharau nyimbo za kuweka wenyewe kwa kuamini kwamba zile zilizokuja na gemu ndizo zitakazodumu. Watengenezaji wengi hukodi nyimbo hizo kwa muda maalumu. Gemu ya Alan Wake iliondolewa madukani mwezi Mei 2017 kwa sababu leseni za muziki zilikwisha, ikarudi mwaka 2018 baada ya leseni hizo kufanywa upya. San Andreas ilipoteza nyimbo kadhaa kwa sasisho la mwaka 2014. Mwezi Aprili 2018, miaka 10 baada ya Grand Theft Auto IV kutoka, nyimbo nyingi ziliondolewa, na stesheni ya Kirusi ya Vladivostok FM ndiyo iliyoathirika sana. Faili ulilonunua bila kufuli halina tarehe ya namna hiyo, ingawa linahitaji nakala ya akiba, maana maduka pia hufungwa: Microsoft iliacha kuuza nyimbo kupitia duka lake la Groove mwishoni mwa mwaka 2017, na wateja walitakiwa kupakua mafaili yao kabla ya hapo. Toleo la kompyuta la Grand Theft Auto IV lina stesheni ya nyimbo za mchezaji iitwayo Independence FM, na mwenye kuzinunua nyimbo zilizoondolewa anaweza kuziweka humo na kuendesha gari katika Liberty City, mji wa kubuni wa gemu hiyo, akizisikiliza kama zamani.