GPS ikizima, rubani wa jeshi hapotei
Wengi huku Nairobi tunaamini GPS ikizimwa ndege ya jeshi imepotea hewani, na si ajabu, simu zimetuzoesha hivyo. Lakini ndani ya ndege kuna mtambo unaopima kila mwendo na kila kona, unajihesabia ndege iko wapi bila setilaiti yoyote, kosa lake hukua polepole kadiri saa zinavyoenda ndio maana rubani bado anafunzwa ramani, dira na saa, na mi naona hiyo ndio sehemu tamu kabisa. Jaribu mwenyewe ukiwa kwa mat Thika Road: zima lokesheni pale Roysambu, mat ikienda kilomita 60 kwa saa, dakika 6 ni kilomita 6, weka alama kwa ramani kilomita 6 kutoka Roysambu alafu washa ulinganishe.