Moja kwa sabini na mbili: maana ya uwiano katika vifaru vya mezani

Jumamosi iliyopita, hapa Mbeya, kijana mmoja niliyewahi kumfundisha jiografia aliniletea vifaru viwili vidogo vya plastiki, mifano ya T-34, yaani gari la kivita la Kisovieti la Vita Kuu ya Pili, alivyokuwa ameviunganisha kwa ajili ya mchezo wa vita wa mezani. Baada ya kuniamkia aliviweka mbele yangu na kusema, "Mwalimu, hiki cha sabini na mbili nilitegemea kiwe kikubwa kuliko hiki cha hamsini na sita, maana skeli yake ni kubwa. Nadhani wamekosea kiwandani." Kiwandani hawakukosea. Neno skeli nimelisikia likitumiwa namna hiyo kwa miaka mingi, kwanza darasani kwenye ramani na sasa kwenye vifaru, na nimeona ni heri nilieleze kwa maandishi.

Uwiano, au skeli, ni hesabu inayoonyesha urefu wa mfano ni sehemu gani ya urefu wa kitu halisi. Kifaru cha 1:72 ni kile ambacho kila milimita yake moja inasimama mahali pa milimita 72 za kifaru chenyewe. T-34 halisi ina upana wa mita 3, kwa hiyo katika 1:72 upana huo unakuwa milimita 42 hivi, katika 1:56 karibu milimita 54, na katika 1:35 karibu milimita 86. Tuliviwekea rula vifaru vyote viwili na vipimo vikatoka hivyohivyo.

Kosa linaanzia mdomoni. Alama 1:72 husomwa "moja kwa sabini na mbili", lakini katika mazungumzo watu hudondosha "moja kwa" na kubaki na "sabini na mbili" peke yake, na namba ikishabaki peke yake masikio huichukua kama kipimo cha ukubwa, kama vile mtu anavyosema kiatu namba 42. Ile 72 ndiyo asili ya sehemu, na kiasi chake ni 1. Mtu yeyote aliyeona shamba la migomba kule Rungwe likigawanywa kwa warithi anajua kwamba warithi wakiwa 72 kila mmoja atapata kipande kidogo kuliko wangekuwa 56, na hakuna anayedhani kwamba idadi kubwa ya warithi imelikuza fungu lake. Katika ramani ni vilevile. Ramani ya 1:50,000, ambayo sentimita 2 zake ni kilomita 1 ardhini, ndiyo inayoitwa ya skeli kubwa, kwa sababu inaonyesha kijiji, kijito na njia ya miguu. Ile ya 1:1,000,000 ni ya skeli ndogo, ingawa namba yake ni ndefu na inajaza mkoa mzima kwenye karatasi moja. Nimesahihisha jambo hili kwenye madaftari kuliko jambo jingine lolote la ramani.

Neno skeli lenyewe lina sehemu yake katika mkanganyiko huu. Tumelipokea kutoka Kiingereza, na Kiingereza kililipata kutoka neno la Kilatini *scala*, lenye maana ya ngazi: vipandio vilivyopangwa kwa hatua zinazolingana, kama mistari ya rula. Kiingereza kina neno jingine la matamshi hayohayo kwa ajili ya mizani ya kupimia uzito, lakini hilo lilitoka kwenye lugha ya kale ya watu wa kaskazini ya Ulaya, ambako lilimaanisha bakuli. Maneno hayo mawili hayana undugu, na bado mtu akisikia skeli mawazo yake huenda kwenye mizani, kwenye uzito na wingi, ambako 72 lazima izidi 56.

Ndiyo maana napenda zaidi neno letu, uwiano. Linatokana na kuwia, yaani kuwa kwa namna fulani kwa mtu mwingine, kama tunaposema "imeniwia vigumu". Na kutoka hapo likabeba pia maana ya kudai, hata wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanalikuta "nawiwa" likimaanisha nina deni. Kuwiana ni hali ya vitu viwili kuwa kila kimoja kwa mwenzake, na kila kimoja kuwa na haki yake kwa mwenzake. Kiambishi kile cha *-an-* hakikubali kitu kimoja. Mtu hawezi kuwiana peke yake kama asivyoweza kupendana peke yake, na kwa sababu hiyo anayesema "uwiano wa sabini na mbili" anasikia mara moja, ikiwa Kiswahili ndicho kilichomlea, kwamba kuna upande mmoja wa sentensi umepungua. Sabini na mbili kwa ngapi? Skeli haiulizi swali hilo, uwiano unaliuliza.

Kuna jambo la pili ambalo wachezaji hulichanganya na la kwanza, nalo ni milimita. Askari wadogo wa michezo hii hutajwa kwa kimo, 15 mm au 28 mm, na vifaru vyao hutajwa kwa uwiano, kisha watu husema "kifaru cha skeli 28". Milimita 28 ni kimo cha sanamu moja, na wachongaji wengi hukipima kutoka unyayo hadi usawa wa macho, kwa kuwa utosi mara nyingi umefunikwa na kofia ya chuma. Ukizidisha 28 kwa 56 utapata milimita 1,568, yaani takriban mita 1.57, na hapo ndipo yalipo macho ya mtu wa kimo cha kawaida. Kwa hesabu hiyo kifaru cha 1:56 kinamfaa askari wa 28 mm. Askari wa 15 mm huwekwa pamoja na vifaru vya 1:100. Kimo hubadilika kwa mkono wa mchongaji, uwiano haubadiliki.

Namba hizi pia zina historia inayoeleza kwa nini nyingi haziishii na sifuri. Katika vipimo vya Kiingereza futi moja ina inchi 12, kwa hiyo mtu wa futi 6 ana inchi 72, na katika 1:72 anakuwa na inchi moja kamili. Katika 1:48, robo inchi ni futi moja. Ile 1:35 ilitoka Japani mwanzoni mwa miaka ya 1960, pale kampuni ya mifano ya Tamiya ilipotengeneza mfano wa kifaru cha Kijerumani cha Panther chenye nafasi ya kutosha kuingiza mota na betri ndani yake, na ukubwa uliotokana na betri hizo ukawa kipimo ambacho wengine walikifuata.

Anayeunganisha kifaru bila kuielewa hesabu hii huipata mikononi. Kijana yule alikuwa amebandika madigadi ya kile kidogo kama yalivyotoka kwenye fremu, na ukingo wake ulikuwa na unene wa milimita 1. Katika 1:72 hiyo ni milimita 72, wakati bamba la chuma la mbele la T-34, lililotengenezwa kuzuia risasi za mizinga, lilikuwa na milimita 45. Bati la kuzuia matope limekuwa nene kuliko deraya! Nilimwonyesha namna ya kulilaza digadi juu ya msasa laini na kuukwangua ukingo kwa upande wa chini tu, hadi ukionekana kwa mbele uwe mwembamba kama bati. Rangi nayo ni hivyohivyo. Tabaka lenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita linalingana na milimita 7.2 kwenye kifaru halisi, na kwa unene huo vichwa vidogo vya boliti huzama na mishono ya kulehemu hupotea. Ndiyo sababu rangi huongezwa maji au tina mpaka iwe nyepesi, na hupakwa mara mbili au tatu, kila tabaka likiachwa likauke kabisa, jambo linalotaka subira hasa katika baridi ya Juni na Julai ya huku kwetu.

Hata gharama ya rangi haifuati namba kama inavyodhaniwa. Kifaru cha 1:56 kinakizidi kile cha 1:72 kwa upana kwa karibu asilimia 29 tu, lakini eneo la kupakwa rangi linazidi kwa asilimia 65, na ujazo unazidi maradufu, kwa kuwa urefu, upana na kimo vyote vimekua kwa pamoja.

Kijana wangu alikuwa ameshatengeneza pia nyumba mbili za kadibodi kwa ajili ya uwanja wake, milango yake ikiwa na kimo cha milimita 36, ambayo katika 1:56 ni mlango wa mita 2 na katika 1:72 unapita mita 2 na nusu. Nyumba hizo zisitupwe; ziwekwe na kile kifaru kikubwa. Kile kidogo kijengewe nyumba zenye milango ya milimita 28. Na anapoandika chini ya kila kimoja kwa kalamu, namwomba aandike 1:72 na 1:56, pamoja na ile moja na nukta zake mbili, na akiulizwa na wenzake asome yote aliyoyaandika.