Siku sita za Mwanzo: Darwin asisingiziwe

Wengi hudhani kuzisoma siku sita za uumbaji kama lugha ya picha ni ujanja wa juzi, uliozuka baada ya kitabu cha mwanasayansi Darwin cha mwaka 1859 kuhusu mageuko ya viumbe. Sivyo. Origen wa Alexandria, mwanateolojia Mkristo wa karne ya 3, alishauliza: jioni na asubuhi za siku tatu za kwanza zilitoka wapi, ilhali jua liliumbwa siku ya nne? Swali hilo limo ndani ya sura ya kwanza ya Mwanzo yenyewe. Askofu Agostino wa Hippo, aliyefariki mwaka 430, aliona Mungu aliumba vyote kwa mara moja, si kwa siku sita. Ajabu ni kwamba ufafanuzi wake aliuita wa “maana halisi”! Askofu Basilio wa Kaisaria, naye, alishikilia kwamba siku ni ya saa 24.