Kabla ya Jackie Robinson, Alikuwepo Walker

Wengi huamini Jackie Robinson ndiye Mweusi wa kwanza kucheza ligi kuu ya besiboli Marekani, alipovaa jezi ya Brooklyn mwaka 1947. Si kweli. Robinson aliuvunja ukuta wa ubaguzi wa rangi, lakini ukuta huo haukuwepo tangu mwanzo. Ulijengwa, na aliyeushuhudia ukijengwa ni Moses Fleetwood Walker.

Walker, msomi wa Chuo cha Oberlin, alikuwa mdakaji wa Toledo, timu iliyoingia ligi kuu mwaka 1884. Mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji na kumwashiria mrushaji aina ya mpira wa kurusha. Siku zile Walker mara nyingi alidaka kwa mikono mitupu, bila glavu. Mrushaji wake, Tony Mullane, alikuja kukiri kwamba hakupata kuona mdakaji bora kuliko huyo, lakini kwa kuwa alichukia Weusi, alipuuza ishara zake na kurusha alivyotaka. Hebu fikiria: mpira unakujia kwa kasi na hujui utapindia wapi! Hata hivyo Walker alicheza mechi 42 msimu ule.

Tarehe 14 Julai 1887, Walker akiwa mchezaji wa timu ya Newark, wamiliki wa timu za International League, ligi ya daraja la chini, walipiga kura kutowapa Weusi mikataba mipya. Walker alidumu katika timu ya Syracuse ya ligi hiyo hadi 1889. Baada yake, ligi hiyo haikuwa na mchezaji Mweusi hadi 1946.