Nanabake: kikombe cha Hagi na rangi zake zinazogeuka

Nanabake ni neno la Kijapani lenye maana ya kugeuka mara saba. Husemwa hasa kuhusu vyombo vya chai vya Hagi, mji wa pwani katika mkoa wa Yamaguchi, upande wa magharibi wa kisiwa cha Honshu. Kikombe kipya cha Hagi huwa cheupe cha maziwa au cha waridi iliyopauka. Kitumie kila siku kwa miaka, utaona mistari ya kahawia ikijitokeza taratibu, kisha mabaka ya rangi ya asali, kisha kikombe kizima kinakolea. Hiyo saba haihesabiwi, maana yake ni mara nyingi tu.

Siri iko kwenye udongo. Ule wa Hagi una chembe za mchanga na haukazi kikamilifu motoni, kwa hiyo hubaki na vitundu vidogo, kama mtungi wa maji unaotoka jasho. Juu yake mfinyanzi hupaka majimaji ambayo tanurini huyeyuka na kuwa ngozi ya kioo. Chombo kikianza kupoa, ngozi ile husinyaa kuliko udongo ulio chini yake, nayo haina pa kwenda, basi hupasuka nyufa nyembamba kama unywele. Nyufa hizo ndizo kannyuu. Ukisogeza sikio karibu na chombo kilichotoka tanurini utazisikia zikilia, tin, tin, kama kengele ndogo sana. Chai hupenya humo kidogo kidogo, na rangi yake ndiyo inayobaki.

Ufundi huu una asili ya Korea, na haukufika Japani kwa heri. Katika vita vya 1592 hadi 1598, majeshi ya Japani yalichukua wafinyanzi wengi wa Kikorea. Ndugu wawili miongoni mwao, Yi Jak-gwang na Yi Gyeong, waliwekwa chini ya mtawala Mōri Terumoto, aliyehamishia makao yake Hagi mwaka 1604. Leo wapenda chai wa Japani, wakipanga aina za vyombo vya chai kwa ubora, husema: kwanza Raku, pili Hagi, tatu Karatsu. Anayekishika kikombe cha Hagi na kukisifu ni vizuri akumbuke mikono iliyokianzisha.

Kabla ya kununua, jua unataka chombo gani. Chawan ni bakuli pana la matcha, chai ya unga inayopigwa kwa kifagio cha mwanzi hadi itoe povu. Yunomi ni kikombe kirefu kidogo cha chai ya kila siku. Vyote havina mkono, jambo ambalo mnywaji wa kahawa chungu wa Lamu au Zanzibar halitamshangaza. Sencha, chai ya kijani ya majani, hutiwa maji ya nyuzi 70 hadi 80 hivi, si yanayotokota. Kama vidole havivumilii kikombe, ulimi nao usubiri. Na kama unachotaka ni kuona ukijani wa chai vizuri, nunua kaure nyeupe ya Arita, mji mwingine wa Japani. Kaure hainywi chai, wala haitageuka.

Ukichagua Hagi, kishike kwa mikono miwili kabla ya kuuliza bei. Kigeuze utazame kitako: mara nyingi huachwa udongo mtupu, na vingine vimekatwa pengo kwa makusudi, hiyo si kasoro. Kisha pitisha ukucha juu ya nyufa. Kannyuu haukwamishi ukucha. Ukucha ukikwama, na mstari uleule ukaonekana ndani na nje mahali pamoja, huo ni ufa wa kweli na kikombe kitavuja.

Hata kizima huweza kuvuja kidogo mwanzoni na kuacha duara la unyevu mezani. Dawa yake iko jikoni: maji yaliyooshewa mchele, yale meupe ya mara ya kwanza. Weka kikombe kwenye sufuria, mimina maji hayo yakiwa baridi mpaka yakifunike, washa moto mdogo, yachemke polepole kwa dakika 20 au 30, kisha zima na ukiache kipoe humohumo. Wanga wa mchele huziba vitundu. Wako wasiofanya hivi kwa sababu wanataka rangi ije upesi. Kwa anayeanza, mimi nasema afanye. Rangi itakuja tu.

Baada ya hapo, kila unapotaka kukitumia kiloweshe kwanza kwenye maji safi ya vuguvugu. Vitundu vikishajaa maji, chai haiingii kwa pupa na mabaka mabaya hayatokei. Ukimaliza, kioshe mara moja kwa maji ya moto na vidole. Sabuni yenye harufu iache kabisa, maana udongo utainywa kisha utakurudishia kwenye chai ya kesho. Mashine ya kuoshea vyombo na maikrowevu, hapana.

Adui mkubwa zaidi ni haraka ya kukifungia kabatini. Kwa macho kinaonekana kikavu, kumbe ndani bado kimejaa maji, na baada ya wiki unakuta ukungu na harufu ya chumba kilichofungwa. Kiache kichwa chini juu ya kitambaa, mahali penye hewa, siku mbili au tatu. Kisha gusisha kitako shavuni. Kikiwa na ubaridi wa unyevu, kirudishe kitambaani.